Mwaka Niliokuwa Mikono ya Nyaga

Tulipomaliza kumzika Nyaga, mkewe hakuniacha nipange foleni ya chakula na watu wengine. Alinishika mkono, akanipitisha nyuma ya hema, tukakatiza jikoni ambako wanawake walikuwa wakipakua mukimo kwenye sahani za kuazima, akaniingiza katika chumba chao cha kulala. Nyumba yao iko juu kidogo ya Runyenjes, na dirisha la chumba hicho linatazama kahawa moja kwa moja. Juu ya kitanda, kwenye shuka lililonyooshwa vizuri, palikuwa na kompyuta nzee ya kubebeka, na kando yake sahani yangu iliyojaa hadi pembeni. "Gatwiri, hii kitu imetushinda," Mama Ireri aliniambia. "Ireri amesomea kompyuta na bado imemshinda siku mbili. Unafinya herufi moja, inafanya mambo yake. Baba Ireri alikuwa anaandikia watoto habari za maisha yake humo ndani. Alisema siku yake ikifika, tuite mtu wa Muthara." Mtu wa Muthara ni mimi; ndiko kwetu, huko Tigania. Akatoka kwenda kuwaona wageni, nami nikaketi kitandani na viatu vyenye udongo, nikafungua kompyuta, na kabla sijajua ninachokifanya vidole vyangu vikawa vinafinya vitufe ambavyo sikuvigusa kwa miaka kumi na tano.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu nilipoajiriwa na Mwalimu Mutuma. Alikuwa amestaafu kufundisha Kiswahili, akaingiwa na wazo kwamba atawauzia walimu wakuu wa Meru yote programu ya kupanga ratiba za shule, na programu hiyo itazungumza Kiswahili sanifu tupu. Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwake Kaaga, chumba kilichokuwa cha watoto wake, na ukutani bado palikuwa na vibandiko vya wanyama ambavyo mtu alijaribu kuvibandua akachoka kwenye twiga. Tulikuwa wawili tu, Nyaga na mimi. Dirisha lilikuwa na vyuma, na mlango ulikuwa na geti la chuma la ndani ambalo Mama Kinya, mke wa Mwalimu, alilifunga kwa kufuli kutoka nje kila asubuhi tukishaingia. Si kwamba alitushuku sisi. Kompyuta za jirani ziliibwa mchana kweupe, na tangu siku hiyo Mama Kinya aliamini kufuli kuliko alivyoamini watu. Ukitaka kwenda msalani ulimwita, naye alikuja akipangusa mikono na aproni, akafungua, akakungoja. Nje tulisikia kengele za shule tatu tofauti, na hakuna hata mbili zilizolia kwa wakati mmoja. Nyaga alisema hiyo ndiyo sababu tuna kazi.

Saa saba kamili chakula kilipitishwa pale getini. Mama Kinya hakuwahi kutuuliza kama tuna njaa wala tunataka nini. Alipakua mwenyewe, githeri leo, nduma na chai kesho, na alipakua kwa kipimo cha watu wanaolima. Huwezi kukataa chakula cha mwenye nyumba, hilo kila mtu aliyelelewa huku analijua, na huwezi kukibakisha pia, kwa hiyo mchana wote nilikaa pale nimeshiba hadi kupumua ni kazi, nikisikiliza kufuli likigongagonga chuma kila upepo ulipovuma. Siku hizi watu wakinisifu kwamba mimi ni mtu wa kukaa chini na kumaliza kazi, huwa nacheka. Nilijifunza kukaa chini kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

Lakini si geti lile lililonifunga. Kilichonifunga kilikuwa mikono ya Nyaga. Yeye ndiye aliyeijua kazi, alikuwa na miaka thelathini na tano, na programu nzima ilikuwa kichwani mwake. Mwezi wa pili tangu nianze nilimwona akishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, na kufika mchana kila kitufe kilimchoma. "Usimwambie Mwalimu," alisema bila kunitazama. "Nikikosa hii kazi, Ireri atarudi nyumbani kwa ajili ya karo." Basi nikavuta kiti changu karibu na chake. Yeye alisema, mimi nikaandika. Mwalimu alipokuja mlangoni kutazama maendeleo, nilihamia upesi kwenye meza yangu, na Nyaga akaweka vidole juu ya vitufe na kukunja uso, na Mwalimu alidhani ni uso wa mtu anayefikiri. Barua tu ndizo alizoandika mwenyewe, kidole kwa kidole, asubuhi mapema mikono ikiwa bado na nafuu, ili aonekane akifanya kazi. Mambo mengine yote yaliyotoka chumba kile miezi ile yalipitia vidole vyangu, na jioni ndipo nilipoanza kazi yangu mwenyewe.

Mwezi wa nane nilipata barua ya kazi kutoka Nairobi. Kampuni ya maana, mshahara wa maana, chumba kisicho na kufuli. Walikuwa tayari kuningoja hadi mwisho wa muhula wa tatu, si siku moja zaidi. Niliisoma barua ile msalani, Mama Kinya akiningoja nje, nikaikunja ndogo kabisa nikaitia ndani ya soksi. Furaha ilidumu mpaka niliporudi kitini. Nyaga alikuwa amekaa akinisubiri, mikono juu ya mapaja, na mshale wa skrini ukipepesa pale tulipoachia. Nikiondoka, Mwalimu angejua katika siku mbili tu kwamba mtu wake hodari hawezi kuandika. Nilimpenda Nyaga, nalisema bila kuficha, nilimpenda kama kaka, na katika wiki zile kulikuwa na asubuhi nilizochukia hata sauti yake ikisema "fungua mabano, funga mabano".

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kimalizio. Nyaga alitumia kihariri cha maandishi cha zamani, kile ambacho unaweza kukifundisha jambo lolote ukijua kuzungumza nacho. Alikuwa amekifinyanga miaka kumi hadi hakuna mtu mwingine aliyeweza kukitumia isipokuwa mimi. Kila badiliko aliliandika katika faili moja la mipangilio, na juu ya kila badiliko, baada ya nukta-mkato mbili zinazoiambia mashine isisome, aliandika sababu yake kwa Kiswahili. Faili hilo alilihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine kama mtu anayehama na kitanda chake. Kimalizio ni kipande unachokipachika kwenye kihariri cha namna hiyo: unaandika herufi mbili tatu, nacho kinakuletea orodha ya maneno, hata mistari mizima, uchague. Mtu mwenye vidole vibovu akiwa na kimalizio kizuri anaweza kuandika ukurasa kwa vitufe vichache. Sikumwambia Nyaga kwamba ninatafuta kitu cha kukaa kwenye kiti changu ili mimi niende zangu. Nilimwambia ninataka kumsaidia, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Vilivyofaa vilikuwa viwili, na tulivijaribu mwezi mzima wa tisa, saa ya chakula, sahani zikiwa magotini. Cha kwanza kilijitokeza chenyewe. Ukiandika tu herufi mbili, orodha ilishuka chini ya maandishi yako hata kama hukuitaka, na maneno iliyaokota katika mafaili yote yaliyokuwa wazi ndani ya kihariri. Cha pili kilinyamaza. Ulipotaka msaada ulifinya kitufe cha pembeni, ndipo kikaleta orodha, na ukafinya kingine kuchagua. Nyaga alivipa majina siku ileile.

"Hiki cha kwanza ni Mama Kinya," alisema. "Anapakua tu. Hicho kingine ni hoteli, kinangoja uitishe."

"Lakini ya hoteli ina vitufe vingi," nikamwambia. "Na ni kidole kidogo ndicho kinafinya. Si hicho ndicho kinakuuma zaidi?"

"Kinaniuma. Lakini hiki cha Mama Kinya kinanipea maneno sijaomba, halafu naona haya kuyakataa."

"Ni mashine, Nyaga. Unaonea mashine haya?"

"Wewe ndiye umeiweka hapo," alisema. "Nikiikataa ni kama nakukataa wewe." Alicheka, lakini nilimwona mara nyingi akikubali neno ambalo silo, kisha akilifuta herufi kwa herufi kwa maumivu, kama mtu anayekula kitu kigumu kumeza kwa ajili ya heshima. "Nyinyi watu wa Tigania hamna breki," aliongeza. "Unataka kitu ya haraka tu."

Nilitaka cha haraka, ndiyo. Nilihesabu vitufe kwenye karatasi, ukurasa uleule kwa kimalizio hiki na kwa kile, na cha kwanza kikashinda kwa mbali. Nikachagua Mama Kinya. Nilikiongezea uwezo wa kumaliza sentensi nzima, si maneno tu, na kufikia mwezi wa kumi Nyaga aliweza kuandika karibu nusu ya programu bila mimi. Kila siku aliyoandika mwenyewe niliona geti likifunguka kidogo. Nikajipa moyo, na Ijumaa moja, Nyaga akiwa ameondoka mapema kwenda Runyenjes, niliketi kwenye kompyuta yake kwa sababu ndiyo pekee iliyounganishwa na printa, nikaandika barua yangu. Ninaandika kukujulisha kwamba ninaacha kazi ifikapo mwisho wa muhula huu. Nikaichapisha, nikaiondoa kwenye skrini, nikaitia karatasi ndani ya mkoba. Kosa nililolifanya ni la mtu asiyejua kazi, na mimi nilijua kazi. Katika kihariri kile, kuliondoa faili machoni si kulifunga. Linabaki wazi kwa chini, na kila asubuhi kihariri kilipowashwa kiliyarudisha mafaili yote yaliyokuwa wazi jana yake.

Barua niliibeba mkobani zaidi ya wiki moja bila kuitoa. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi nilimwona Nyaga akifungua kifuniko cha kalamu kwa meno. Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa mitihani ya kitaifa ikaanza, kengele zote tatu zikanyamaza, na Kaaga ikawa kimya mpaka tukawa tunanong'ona. Mwisho wa wiki hiyo Nyaga alikwenda nyumbani kama kawaida, akarudi na mkungu wa ndizi, nduma zilizofungwa kwenye majani, na kahawa ya kusaga ndani ya mfuko wa unga. "Hizi ni zako," alisema, akaziweka chini ya meza yangu. Nilimwuliza kuna sherehe gani. "Hakuna. Mtu anaweza kubebewa kitu tu." Huku kwetu mtu anafungiwa mzigo namna ile anapokuwa na safari, na mimi niliyelelewa nikifungiwa mizigo, niliutazama nikaona ndizi tu.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu Mutuma aliingia akiwa na karatasi mkononi na miwani juu ya paji. Ilikuwa barua ya Nyaga kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana, ya kumwarifu kwamba ratiba ya muhula ujao i tayari, na Mwalimu alizisoma barua zote kabla ya kutia sahihi, kwa ajili ya sarufi. "Nyaga," alisema, "hii barua ni ya shule ama ni yako?" Akasoma kwa sauti yake ya darasani: Ninaandika kukujulisha kwamba ninaacha kazi ifikapo mwisho wa muhula huu. Ilikuwa sentensi yangu, neno kwa neno. Nilielewa yote kwa mara moja: faili lililobaki wazi, herufi zilezile za mwanzo, orodha iliyoshuka bila kuitwa, na Nyaga akikubali alichopakuliwa kama alivyokubali siku zote. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Hiyo ni yangu, Mwalimu. Karatasi ilikuwa mkobani, hatua moja kutoka mguu wangu. Nilifungua mdomo, nikaona Nairobi, nikaona geti, nikafunga mdomo.

"Ni yangu, Mwalimu," Nyaga alisema. Akanyanyua mikono yake kutoka mezani akaigeuza huku na huku ili ionekane vizuri. "Mikono imekataa. Nimeficha karibu mwaka mzima. Unisamehe."

Mwalimu aliketi kwenye kiti changu. Aliitazama ile mikono, kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama alishakwenda hospitali. Hakukasirika. Laiti angekasirika, pengine ningesema. Mama Kinya alileta chakula saa saba, na tulikula tukamaliza. Jioni kwenye lango la nje nilimwambia Nyaga kwamba ni kosa langu, mimi ndiye niliyekichagua kimalizio kile, yeye alitaka kile cha hoteli. Nilimwambia kuhusu kimalizio tu. Kuhusu barua sikusema. "Si ulisema ni mashine?" alinijibu. "Mashine haikosei mtu. Nenda, giza linaingia." Wiki iliyofuata nikampa Mwalimu barua yangu, naye akaitia sahihi bila kuisoma. Bila Nyaga hapakuwa na programu ya kuuza, na mimi niliondoka Kaaga na mkungu wa ndizi uliokuwa umeanza kuiva.

Nilikwenda Nairobi, nikafanikiwa, sina la kulalamika. Nyaga alirudi Runyenjes, akatunza kahawa, akawa anafundisha vijana kompyuta chini ya baraza ya duka, yeye akisema na wao wakiandika. Tulisalimiana kwa simu sikukuu kwa sikukuu. Ireri alikaa nyumbani mwaka mmoja kwa kukosa karo kabla ya kurudi shuleni, na hilo nililisikia kwa mtu mwingine. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba kichwa changu cha haraka ndicho kilichomtoa kazini, na kwamba kunyamaza kwangu kulimalizia. Kila mara kwenye simu yangu neno linapojitokeza kabla sijalimaliza, ninalifuta, hata likiwa ndilo.

Basi pale kitandani, watu wakiimba nje, nililipata faili la watoto bila shida. Lilikuwa refu, nikaliweka tayari kwa ajili ya Ireri. Halafu nikafungua faili la mipangilio, kwa sababu nilitaka kusikia sauti yake kidogo. Lilikuwa lilelile. Nilisoma nikishuka, sababu moja baada ya nyingine, hadi nikafika sehemu ya vimalizio. Juu ya mistari michache ambayo sikuiandika mimi, baada ya nukta-mkato mbili, alikuwa ameandika hivi: Jumatatu, mitihani imeanza. Kile cha Mama Kinya kinanionyesha barua isiyo yangu. Kuanzia leo, nikiandika barua, kingoje niitishe.

Nilisoma mara tatu. Aliiona barua yangu Jumatatu, na ili asiisome tena akabadilisha kimalizio siku hiyohiyo, kwenye barua peke yake, mahali ambapo mimi, ukiacha ile moja, sikuandika kamwe na nisingegundua. Mwalimu alikuja na karatasi Alhamisi ya wiki ya pili yake. Kufikia siku hiyo hakuna sentensi ambayo ingeweza kushuka yenyewe mbele ya Nyaga. Aliandika herufi chache, akafinya kile kitufe cha pembeni kwa kidole kidogo kilichovimba, akaishukia orodha mpaka kwenye mstari wangu, akafinya tena. Aliitisha. Nililia pale, kwa sauti, nikiwa nimeshika kompyuta magotini.

Mama Ireri aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Nikamwambia yote, barua, Ijumaa ile, mkoba, mdomo niliofunga. Nikamsomea maneno ya mumewe. Alisikiliza amesimama, leso ya kichwani mkononi.

"Siku alirudi na mizigo nilimwuliza kwani umefukuzwa," alisema. "Akaniambia kulikuwa na msichana hangeweza kutoka kwa sababu ya kumwonea yeye huruma, na yeye ndiye alikuwa ameziba mlango."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

"Na hukunichukia?"

"Nilikuchukia sana," alisema. "Ule mwaka wote Ireri amekaa hapa nyumbani nilikuchukia kila siku. Yeye aliporudi shule nikaanza kusahau." Akaketi kando yangu, akaisogeza kompyuta, akanyanyua ile sahani iliyokuwa imepoa akaniwekea mapajani. Sikuwa na njaa hata kidogo. Alikaa pale akiningoja, na nikala yote.